Sabuni Iliyokwama Mpakani

Mtaani walimwita Mama Sabuni. Tangu mumewe afariki, chumba cha uani kilikuwa kiwanda chake. Alikoroga mafuta na magadi makali, akamimina kwenye kasha, na mchanganyiko ukishaganda alikata miche ya sabuni kwa waya. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeivusha mpaka kwenda kuiuza nchi jirani.

Siku moja shemeji alirudi na mzigo wote.

"Wamenizuia," alisema. "Kanuni mpya ya Umoja. Sabuni isiyopimwa maabara haivuki. Na maabara inayoruhusiwa kupima iko mji mkuu tu."

"Umoja gani, shemeji?"

"Huu wa nchi zetu. Tunauchangia kwa kodi, halafu unatunyang'anya tonge mdomoni! Heri tujitoe."

Mama Sabuni alivua aproni, akaenda kwa jirani yake, afisa biashara.

"Shemeji yako hajakosea yote," jirani alimwambia. "Umoja una gharama. Tunachangia fedha, na sheria nyingine hatuzitungi tena peke yetu. Lakini ni huo huo uliofanya sabuni yako ivuke bila ushuru."

"Kwani hii kanuni kaitunga nani?"

"Mawaziri na wabunge kutoka nchi zote. Waliita watu watoe maoni. Wenye viwanda vikubwa walikwenda. Ninyi wadogo hamkwenda, na asiyekuwapo na lake halipo."

"Basi maji yameshamwagika."

"Bado, mama. Kamati ya Bunge la Umoja inasikiliza wananchi wiki ijayo, mjini mpakani. Nenda kaseme."

Alikwenda na shemeji yake. Ukumbini, kabla ya zamu yao, alisimama mwanamke kutoka nchi jirani, amembeba mwanawe. Mikono ya mtoto ilikuwa na makovu ya kuungua.

"Nilimwogesha kwa sabuni ya kununua sokoni," alisema. "Magadi yalikuwa yamezidi. Sikujua."

Mama Sabuni alikuwa amekuja kuomba kanuni ifutwe. Alipoitwa, alisogea mbele.

"Waheshimiwa, mimi magadi napima kwa kikombe, kwa mazoea tu. Sijui kama sabuni yangu ni salama. Kanuni iacheni. Ila maabara mtuletee karibu, na mtufundishe."

Nje, shemeji alifoka. "Umetuuza!"

"Yule mtoto ungemwambia nini?"

Shemeji akashika njia ya nyumbani.

Miezi ilipita bila biashara ya mpakani. Watoto wa Mama Sabuni walikula mlo mmoja kwa siku. Hatimaye jibu la kamati likaja. Maombi mengine ya wananchi yalikataliwa, lakini maabara ya wilaya iliruhusiwa kupima sabuni, na mafunzo yakaanza.

Kipimo cha kwanza kilimchoma moyo Mama Sabuni: magadi yalikuwa yamezidi. Usiku ule hakulala. Kulipokucha aliyeyusha miche yote upya, akaongeza mafuta kama alivyofundishwa, na tangu hapo magadi akayapima kwa mizani. Kipimo cha pili kilifaulu.

Shemeji alipoipeleka tena mpakani, afisa wa mpakani aliikagua, akampisha. Ukutani palikuwa na tangazo jipya la Umoja, kuhusu kanuni ya vifungashio vya bidhaa inayopendekezwa. Shemeji alilisoma polepole, neno kwa neno. Kisha akamgeukia afisa.

"Bwana mkubwa, maoni yanapokelewa mpaka lini?"