Bangili ya Mama Hamisa

Haya aliniambia Mbwana mwenyewe, na Mbwana si mtu wa kutunga.

Mwaka tisini na tatu aliazima mashine ya kutafutia madini, ile inayolia ikipitishwa juu ya chuma. Jirani yake Hamisa akamwomba: "Kaka, mama alifukiwa na kifusi machimbo ya kokoto Kunduchi, hatukumpata. Nitafutie japo bangili yake aliyoivaa mkononi, mie nikaizike."

Akaenda peke yake. Njia ya zamani ya machimboni haikuwa na mtu. Jioni mashine ikalia. Akachimba mpaka usawa wa kiwiko, patupu. Giza likaingia, akailaza mashine chini apumzike. Ile ikilazwa hailii, mpaka kitu cha chuma kisogee chini yake.

Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena, taratibu, kama mtu anayepunga mkono.