Uzi Uliobaki Mfukoni

Nilikuwa nafunga vifungo vya sare ya shule simu ya Bibi ilipolia juu ya cherehani. Aliyepiga alikuwa mama mdogo, aliyeishi ng'ambo miaka minane.

"Mama, nakuja! Ndege inaondoka sasa hivi, mje mni—"

Simu ikakatika. Tulipompigia, hakupatikana. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kamili.

"Nataka akitoka tu mlangoni, anione mimi kwanza," Bibi alisema. "Lakini atatua saa ngapi?"

"Hesabu ndogo hiyo, Bibi. Napima umbali kwenye tufe la dunia la mwalimu kwa uzi, kisha nagawanya kwa mwendo wa ndege."

Bibi akakata uzi mwekundu, akauviringa kidoleni, akaufunga fundo na kunipa. "Haya, Profesa. Nakutegemea."

Wakati wa mapumziko nilielekea ofisini kwa mwalimu. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba.

"Njoo bwana, tufe halina miguu, halitakimbia!" aliita rafiki yangu niliyemwambia habari zake asubuhi.

Nikaruka mpaka kengele ikalia.

Saa sita nilirudi nyumbani kula. Bibi alikuwa ameshavaa gauni jipya.

"Umepima?"

"Nimepima. Ni saa kumi na moja angani. Atatua saa kumi na moja jioni."

Mjomba, dereva wa teksi, akacheka. "Ndege gani hiyo? Au inapakia abiria njiani?"

"Mwache mtoto, amepima," Bibi alimkatiza.

Tulifika uwanjani saa kumi. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, peke yake, macho mekundu.

"Tangu saa saba nipo hapa, Mama, na simu yangu imezimika. Nilidhani mmenisahau."

Bibi alimkumbatia. "Nisamehe, mwanangu. Mjukuu wangu alipima vizuri, labda uzi ulilegea."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kofi. Niliingiza mkono mfukoni, nikautoa uzi. Ulikuwa bado umeviringwa, na fundo alilolifunga Bibi mwenyewe.

"Sikupima, Bibi. Nilibuni."

Hakuna aliyecheka. Bibi aligusa lile fundo.

"Kukosea hesabu si aibu," alisema taratibu. "Hata mimi hukosea kukata kitambaa. Lakini ungeniambia hujapima, ningekuja saa ile ile nikangoja. Mimi kungoja najua. Neno 'sijui' halijawahi kumwacha mtu peke yake juu ya sanduku."

Kesho yake mama mdogo alinisindikiza ofisini kwa mwalimu. Tuliunyoosha uzi juu ya tufe: kilomita elfu tano na mia sita. Kwa mwendo wa mia nane kwa saa, ni saa saba. Hesabu ya dakika tano.

Bibi hayupo tena. Uzi ninao, na kila mtu akiniuliza jambo nisilolipima, vidole vyangu huutafuta kwanza, kisha nasema, "Sijui. Ngoja nikapime."