Wali Mwekundu wa Chihaya

Kijijini kwa Sanae Onozuka theluji hufika madirishani. Ikiyeyuka huwa maji ya majaruba, na maji hayo ndiyo huotesha mpunga ambao watu wa Tokyo huununua kwa kuringa. Sanae na mumewe waliulima. Mama mkwe wake, Bibi Kiyono, aliupika. Na binti yao, Chihaya, hakuula.

Hapo ndipo penye kisa.

Chihaya alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa mpira. Klabu ya wanawake ya Shirasagi, kule mjini, ilimsajili awe winga wa kushoto mara tu alipomaliza shule. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Akifaa, ataongezewa. Asipofaa, atarudi kupanda mpunga.

Siku ya mechi yake ya kwanza, Sanae na Bibi Kiyono walikaa jukwaani na matonge yao ya wali. Mpira ukamfikia Chihaya. Akampita beki wa kwanza kama maji yanavyopita kando ya jiwe. Akampita wa pili. Alionekana hana haraka, lakini hapakuwa na wa kumfikia. Uwanja ukanguruma.

"Huyo ni wa kwetu?" Bibi Kiyono aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni wa kwetu, Mama."

"Huyu aliyekuwa akitumbukia kwenye majaruba kila akituletea chai?"

"Huyo huyo."

Bibi akakutanisha viganja kifuani, kama yuko mbele ya hekalu. Sanae hakucheka. Alimtazama yule msichana akikimbia, akaona kama tumbo lake limezaa kitu asichokijua.

Mwezi wa Agosti, siku za kuwakumbuka wazee waliokufa, Chihaya alirudi nyumbani. Mezani alikula majani na kipande cha samaki.

"Na wali?" Bibi aliuliza.

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini, upepo? Ng'ombe akila hivyo tunamwita daktari."

"Winga mzito hana kazi, Bibi."

"Na winga mfu?"

Jioni ile mama na binti walikwenda kuoga kwenye bafu la chemchemi ya moto la kijiji, upande wa wanawake. Ndani ya mvuke Sanae aliziona mbavu za mwanawe.  Chihaya ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, siku zangu zimekata. Tangu theluji ilipoyeyuka."

Sanae alipokuwa shule alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Kocha wake alikuwa akisema kwamba msichana ambaye hedhi yake haijakata hajafanya mazoezi ya kweli. Wote waliamini.

"Usiogope," akamwambia mwanawe. "Hata mimi zilikata. Ndiyo dalili kwamba mwili umeiva kwa michezo. Vumilia tu."

Akaanza kumkanda miguu. Alipobonyeza muundi wa kushoto, Chihaya alishtuka humo majini.

"Panauma?"

"Kidogo. Usimwambie mtu, Mama. Novemba wanaamua mikataba."

Sanae hakumwambia mtu.

Mpunga ulikuwa umeshavunwa Chihaya alipoanguka. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbilia mpira, mara akakaa chini kwenye nyasi, ameshika mguu.

Daktari wa timu, mama mmoja aitwaye Murayama, aliwaonyesha Chihaya na Sanae picha ya eksirei. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Chihaya, mara ya mwisho kupata hedhi ilikuwa lini?"

Chihaya akamtazama mama yake.

"Zimekata, daktari," Sanae akajibu. "Lakini kwa mchezaji si ni jambo zuri? Sisi tuliambiwa hivyo."

"Wengi tuliambiwa hivyo, mama. Tulidanganywa." Daktari Murayama akavuta kiti karibu. "Wewe unalima mpunga. Maji ya mfereji yakipungua, unafanyaje?"

"Nafunga milango ya majaruba mengine. Maji yaliyobaki napeleka kwenye yale ambayo siwezi kuyapoteza."

"Basi mwili nao ni mkulima. Chihaya anakimbia sana na anakula kidogo. Mwili unaona chakula hakitoshi, unakipeleka kwenye moyo na ubongo. Huko kwingine unafunga milango. Mlango wa hedhi ni miongoni mwa milango ya kwanza kufungwa."

"Na mifupa?" Sanae aliuliza taratibu. Jibu alikuwa ameshaliona.

"Homoni zinazoleta hedhi ndizo zinazolinda mifupa. Zikipungua, mifupa nayo inakonda, ingawa huioni."

Sanae alihisi kidole gumba chake kinamwuma, kile alichobonyezea muundi.

"Atacheza tena?"

"Atacheza. Kwanza tutampima, maana hedhi hukata kwa sababu nyingine pia. Tukikuta ni chakula, dawa ni kupumzika na kula. Wali asubuhi, wali kabla ya mazoezi na baada yake. Samaki, mayai, maharage, mboga. Asijinunulie vidonge dukani. Na msichana yeyote akikaa miezi mitatu bila hedhi, aje kwa daktari. Asingoje mfupa upasuke."

"Wataniacha," Chihaya alisema.

"Mwambie kocha mwenyewe," Daktari akamjibu. "Nitakuwa kando yako. Ukirudi uwanjani na sahani ile ile, mfupa hautaungoja mkataba wako."

Vipimo vikaonyesha ni chakula. Chihaya akamweleza kocha. Novemba ilipofika, klabu ilimwongezea mwaka, kwa sharti moja: asiguse mpira mpaka daktari aruhusu.

Haikuwa rahisi. Nyumbani alikokwenda kupumzika, bakuli la kwanza la wali lilimtoa machozi ya hofu. Bibi Kiyono alikaa mbele yake.

"Kula, mwanangu. Mpunga huu umekaa kwenye matope majira mazima kwa ajili yako."

Katikati ya majira ya theluji, Chihaya akiwa amesharudi klabuni, simu ililia jikoni.

"Mama," Chihaya alisema, "zimerudi."

 Bibi aliposikia, alichukua maharage madogo mekundu, akayatenga kwa ajili ya siku atakayorudi uwanjani.

Kwao, binti akivunja ungo hupikiwa wali mwekundu wa maharage hayo. Chihaya alipopikiwa wa kwanza, alijifunika uso kwa aibu, na baba yake akala kimya. Safari hii Bibi alipika sanduku zima la wali huo, akaunyunyizia ufuta na chumvi, akaupeleka uwanjani siku Chihaya aliporuhusiwa kucheza.

"Sherehe ya nini, Bibi?" wachezaji wakauliza.

Bibi akamtazama mjukuu wake. Chihaya akavuta pumzi.

"Hedhi yangu imerudi," akasema wazi.

 Kisha golikipa, msichana mrefu mwenye mabega mapana, akasogea.

"Yangu imekata tangu mwaka jana," akanong'ona. "Naruhusiwa kula?"

"Kaa hapa ule," Bibi akamjibu. "Mechi ikiisha, nakupeleka kwa Daktari Murayama mimi mwenyewe."

Mechi ikaanza. Mpira ukamfikia Chihaya pembeni kushoto. Mapaja yake yalikuwa yamejaa, na aliposukuma ardhi, ilionekana kama ardhi nayo inamsukuma. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili.

Bibi Kiyono akakutanisha viganja kifuani. Na Sanae, kando yake, akakutanisha vyake.