Shemeji Alisema Diski Iko Sawa

Nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Nyamasaria, Kisumu. Ndugu wasomaji, haya ninayowasimulia yalinitoa machozi mpaka yakakauka...

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kule Awasi. Kila mjukuu akizaliwa, alimtungia wimbo wake. Ugonjwa wa koo ulipomshika nilikuwa na mimba, naye alijua hatamwona mtoto.

Siku moja akaniita kitandani. "Leta hiyo mashine yako," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Huyu wa tumboni naye nimwimbie."

Aliimba akipumzika baada ya kila mstari, nami nikamrekodi kwa laptopu ya kazi. Baba akaaga dunia kabla Adhiambo wangu hajazaliwa. Wimbo ule ulikuwa humo tu, kwingine sikuwa nao.

Ofisi yetu inahudumia watoto waliodhulumiwa. Kulinda siri zao, mkubwa wetu aliagiza diski za laptopu zote zisimbwe, yaani kila kilichomo kifungwe kwa nenosiri, hata mwizi akiiba asisome kitu. Kazi hiyo akapewa Ouma, ndugu mdogo wa mume wangu. Na ni nani aliyemwombea Ouma kazi pale? Ni mimi! Alikuwa akiishi kwangu, akila kwangu, na nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Laptopu yangu haikuwa nzima. Ilikuwa ikikwama na kugonga-gonga ndani. Ouma mwenyewe alikuwa ametueleza kwamba kusimba huandika upya kila kona ya diski, kwa hivyo diski yenye hitilafu inaweza kufia njiani.

Nikamwambia, "Shem, iangalie kwanza. Wimbo wa baba umo humo. Ama tuutoe kabisa?"

Baadaye akanijibu, "Nimeiangalia, shem. Diski iko sawa kabisa. Hakuna haja ya kutoa kitu."

Ningemshuku vipi?

Kazi ilifika katikati, laptopu ikakwama. Haikuamka tena! Niliipeleka kwa mafundi mjini, wakatikisa vichwa. Nusu ilikuwa imefungwa, nusu haijafungwa, na diski yenyewe imekufa. Sauti ya baba ilikuwa imepotea...

Kana kwamba hayo hayakutosha, Ouma alimwambia mkubwa kwamba mimi ndiye niliyeizima kazi ikiendelea! Nikaitwa, nikapewa onyo mbele ya wenzangu. Mimi mwenyewe nikaanza kujitilia shaka. Labda niligusa kitu? Labda nilifunga kifuniko bila kujua? Nilikuwa nikienda kaburini Awasi na kumwomba baba msamaha. Mume wangu alinifuta machozi akisema, "Wacha kujilaumu, Mama Adhi."

Miezi ikapita. Mchana mmoja nilimpelekea Ouma chakula mezani pake. Alikuwa akiongea kwa simu na mama mmoja wa ofisi yetu. "Ndiyo, mama, diski yako nimeshaiangalia. Iko sawa, naanza kusimba."

Laptopu ya yule mama ilikuwa pale mbele yangu, ndani ya mkoba wake, zipu imefungwa. Hakuwa hata ameitoa!

"Ouma... na yangu ulifanya hivi?"

Akasema, "Shem, kuangalia kunakula siku nzima. Nyingi huwa hazina shida."

"Na kwa nini ukasema niliizima?"

"Mimi nilikuwa bado niko kwa majaribio. Wangenifukuza. Wewe walikuwa hawawezi kukufukuza."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza mume wangu yote. Nilitarajia aruke kwa hasira. Aliangalia sakafu tu.

"Aliniambia," akasema polepole. "Wiki ileile. Ni ndugu yangu, ningefanya nini?"

Jamani! Alikuwa akinifuta machozi huku akijua? Alinisindikiza mpaka kaburini nikaombe msamaha wa kosa ambalo si langu, na akanyamaza?

Nilibeba mtoto wangu nikaenda kwa mama yangu Awasi. Nilirudi baadaye, baada ya wazee wa pande zote mbili kukaa na kuongea, na baada ya Ouma kumweleza mkubwa ukweli mbele yangu. Alihama kwangu. Ninaishi na mume wangu, lakini siku hizi akiniambia jambo dogo tu, hata kwamba amefunga mlango, ninainuka kwenda kuhakikisha.

Adhiambo sasa anaongea. Binamu zake wakiimba nyimbo zao, hunitazama na kuuliza, "Na yangu?" Namwimbia kiitikio, kwa sababu ndicho pekee ninachokikumbuka.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kabla diski yako haijasimbwa, toa nakala ya unachokithamini uiweke mahali pengine. Kisha kaa kando ya fundi, diski ikaguliwe ukiona kwa macho yako, hata kama ni siku nzima, hata kama fundi huyo mnakula naye sahani moja. Mimi niliambiwa iko sawa, nikashukuru, nikaenda zangu.