Toleo la Zamani

Machachari hakuwa na kompyuta yake. Hakuwa na viatu vya mvua, wala kitanda cha peke yake. Alilala na shangazi yake aliyemlea, na shangazi usingizini alirusha mateke kama punda. Hayo yote aliyavumilia. Upungufu uliomponza ni ule asioujua: hakuwa na subira.

Kila alasiri akitoka shule alipitia zahanati, ambako shangazi alitunza kumbukumbu za wagonjwa. Alipanga kadi na kufuta vumbi, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya shangazi, aliachiwa pia kuihudumia kompyuta. Humo mlikuwa na kiendeshi, programu ndogo iliyofanya kazi ya tarishi: ilibeba maswali hadi kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu, kisha ikarudi na majibu. Siku moja tangazo lilitokea kwenye kioo: kiendeshi hicho kina udhaifu, mjanja aweza kukihadaa kimfungulie ghala. Wekeni toleo jipya.

Machachari aliliweka. Papo hapo mashine ikagoma kuchapa kadi, na foleni ikaanza kunung'unika. Akarudisha toleo la zamani, kisha akaiamuru kompyuta isilibadilishe tena wala isitoe tangazo. Shangazi alipouliza, alijibu kwamba ameshaweka jipya.

Wiki iliyofuata fundi wa kompyuta aliingia bila hata kuvua kofia ya pikipiki. Alieleza kuwa watu wasiojulikana wanapenya kwenye zahanati kupitia viendeshi vya zamani, naye bado ana nyingi za kukagua.

"Chetu ni kipya," shangazi alisema kwa fahari. "Mwanangu huyu ndiye aliyekiweka."

"Basi mmepona. Ngoja niwawahi wenzenu."

Machachari alipiga hesabu. Akisema, shangazi ataaibika mbele ya foleni nzima, na pengine atafukuzwa kazi. Akinyamaza, je? Kwenye benchi la mbele mama mmoja alikuwa ameifunika kadi yake kwa kiganja ili jina la ugonjwa lisionekane. Nje, pikipiki ilinguruma. Machachari akatoka mbio.

"Fundi, usiondoke. Si kipya. Nilidanganya."

Fundi alirudi ndani, akachomoa waya wa mtandao, akaanza kupekua maswali yote yaliyofika ghalani. Kuna mtu alikuwa akibisha tangu asubuhi, kila mara kwa hila mpya. Mara moja alifunguliwa.

"Ameona kadi ngapi?" shangazi aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Moja. Alikuwa bado anaonja."

Akaweka toleo jipya, kisha akairekebisha programu ya kadi, ambayo ilikuwa ikiuliza maswali kwa mtindo uliopitwa na wakati. Foleni ilingoja. Mzee mwenye jino bovu alitaka kujua kama likidondoka lenyewe pale benchini atahesabiwa ametibiwa. Hatimaye mashine ikachapa.

Wagonjwa walipokwisha, shangazi alimkalisha Machachari.

"Mashine kugoma si kosa lako. Ungeniambia, fundi angekuja siku ile ile. Lakini ulisema umeweka, sote tukalala usingizi na mlango uko wazi. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, mwanangu. Hapo ndipo msaada unapoanzia."

"Watakufukuza, shangazi?"

"Kesho nitajieleza kwa mganga mkuu. Leo tunamweleza mwenye kadi."

Machachari alipendekeza wapige simu. Shangazi alikataa, akisema simu husikika na waliokaa karibu, na habari ya mtu imfikie mwenyewe. Akampa karatasi. Machachari aliandika kwamba kompyuta ilipata hitilafu. Shangazi aliisoma, akamrudishia. Machachari akaanza upya: "Nilisema nimeweka toleo jipya, kumbe nilikuwa nimerudisha la zamani."

Shangazi akatia sahihi chini ya jina la mtoto. Machachari akailamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja, akaenda nayo hadi posta na kuitumbukiza sandukuni.