Mshono wa Stoo

Asubuhi ile ilianza kama nyingine zote. Mafundi cherehani waliingia kiwandani wakitaniana. Mmoja akasema kola anazoshona zimetembea ng'ambo kuliko ukoo wake mzima. Wakacheka. Msimamizi waliyembandika jina la Kufuli akafunga mlango, akauning'iniza ufunguo kiunoni.

Ndugu wawili walikaa jirani. Mkubwa, dada mtu, aliamka na homa, na mdogo wake alimwona akitetemeka mpaka sindano ikamchoma kidole.

"Bosi, naomba ruhusa," dada mtu akasema. "Mwili unawaka moto."

"Mwili wako, moto wako. Kontena linaondoka leo. Shona."

Adhuhuri dada mtu akalaza kichwa juu ya kola. Hakukiinua tena.

Kufuli alimgusa shingo, akasonya. Akamburuta hadi stoo ya vitambaa, akamfunika kwa vipande. Aliporudi akamwonyesha mdogo mtu kiti kilichobaki wazi.

"Hamia hapa, umalizie za dada yako. Kulia utalia kwenu."

Akahamia. Angefanyaje, na mlango umefungwa? Kola ya kwanza ilikuwa bado na jasho la nduguye. Akashona, kamasi na machozi vikimchuruzika.

Ndipo cherehani ikanguruma stooni.

Stooni hamkuwa na cherehani.

Mikono yote ikasimama. Mngurumo ukashika kasi.

"Nani huyo?" Kufuli akanong'ona. Akajikaza kiume, akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha.

Walipouvunja mlango walimkuta ameketi kando ya maiti. Miguu ikikanyaga hewa. Mikono ikisukuma kitambaa kisichokuwapo. Vidole vilijaa matundu ya sindano, wala havikutoa tone la damu.

"Sijamaliza, dada," alinong'ona. "Sijamaliza."

Mpaka leo mkewe humlisha kwa kijiko, na miguu haitulii.

Dada mtu akazikwa. Kiwandani akaletwa msimamizi mwingine, kazi ikaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa. Ila kutoka stoo hadi mlango wa nje kulikuwa na mshono mweupe, umezama ndani ya saruji, umenyooka kama wa fundi hodari. Walitindua, wakachoka. Tajiri mwenye kiwanda akaamuru litandikwe zulia.

Siku moja mdogo mtu akalifunua. Akaushika uzi, akauvuta kidogo.

Chini ya saruji, kitu nacho kikauvuta.