Eda ya Bi Mwanakheri

Kisomamidomo kilikuwa kikiipitia video ya harusi, picha baada ya picha. Mtambo huo hutazama midomo ya watu katika picha za zamani, hata zile ambazo ngoma imemeza sauti zote, ukawarudishia maneno yao. Mhandisi Zulfa aliuunda kwa ajili ya viziwi. Sasa alikuwa akiutumia kwa filamu ya uchunguzi kuhusu ukoo wa Mazongera, matajiri walioiweka serikali mfukoni kwa kuozeshana na mawaziri.

Kando yake alikaa Bi Mwanakheri. Mumewe, Mbwana, mpima ardhi, alikataa kuwapimia Mazongera mashamba ya watu. Asubuhi moja akaenda kazini asirudi, na miaka kumi ikapita. Kila Idi bibi huyu hupaka hina, maana hina ni ya mwenye mume, na juzi tu alipaka. Kesho angekula kiapo mbele ya Baraza la Habari. Bila mdhulumiwa mwenyewe kuapa, filamu ya kumtuhumu kiongozi hairuhusiwi, na mtambo hauapi.

Kwenye kioo, Waziri wa Ardhi alimwinamia mkwewe, mzee Mazongera. Kisomamidomo kikasema:

"Na yule mpima?"

"Huyo keshazikwa. Kula pilau, Mheshimiwa."

"Tumewapata!" Zulfa aliruka kwa furaha. "Bi Mwanakheri, tumewa..."

Alipouona uso wa mwenzake, aliona haya ambayo hajapata kuiona maishani. Bibi alikuwa akivua bangili, moja moja, akiziweka juu ya meza ya mitambo.

"Leo ndiyo nimefiwa," alisema. "Nirudishe nyumbani, mwanangu. Nikae eda, nisitoke nje."

"Lakini mama, masheikh watasema eda yako ilishapita. Huhesabiwa tangu siku aliyokufa."

"Najua watasema hivyo. Ilipita mimi nikijipamba." Alivua bangili ya mwisho. "Mbwana hakukaliwa eda na mtu. Nitamkalia mimi."

"Na kiapo cha kesho? Filamu itakufa."

"Filamu yako, mwanangu. Mimi aliyenifia ni mume."

Zulfa akauzima mtambo.

Kesho yake jina la Bi Mwanakheri liliitwa barazani mara tatu, kisha filamu ikapigwa marufuku. Zulfa hakuwapo. Alikuwa chumbani kwa mjane, akimsugua viganja kwa ndimu, wote wawili wakilia, na hina ya Idi ikakataa kutoka.